Nyuma ya Pegasus: kutoka Magogoni hadi Fort Jesus

Jumatano, Dar es Salaam

Nimeanzia Magogoni, kwenye kivuko cha Kigamboni, kwa sababu hapa mtu anaona kwa macho yake jambo ambalo habari za manowari hulitaja kwa mstari mmoja tu: wembamba wa mlango wa bandari. Meli ya makontena iliingia nikiwa nimesimama karibu na wauza samaki, nikaweza kusoma jina lake na kuwaona mabaharia wakikunja kamba tezini. Mlango kama huu ukizibwa, bandari nzima imefungwa. Mwaka 1914 ulizibwa kweli, na kuzibwa kwake ndiko kulikoisogeza vita hadi Unguja, kwenye manowari ninayoifuata safari hii.

Manowari hiyo ni HMS Pegasus ya Uingereza. Iliundwa Jarrow, kando ya mto Tyne, katika karakana za Palmers, ikashushwa majini tarehe 4 Machi 1897, miezi michache kabla Malkia Victoria hajasherehekea miaka 60 ya kukalia enzi. Ilikuwa mojawapo ya meli 11 za aina ya Pelorus. Kwa manowari ilikuwa ndogo: tani 2,135, urefu wa kama mita 95, mizinga 8 ya milimita 102, na mirija 2 ya topido. Meli za namna hii hazikuundwa ili zikakabiliane na manowari kubwa za mataifa mengine. Kazi yake ilikuwa kuzunguka himaya, kulinda njia za meli za biashara, kutia nanga mbele ya miji ya mbali na kuonyesha bendera. Mbele ya mji usio na mizinga, meli kama hiyo inatisha sana.

Ndani yake kulikuwa na kasoro iliyoanzia siku ya kuchorwa. Wakubwa wa jeshi la maji walizitumia meli za aina hii kujaribia boileri, zikafungwa boileri za namna mbalimbali ili ionekane zipi zinafaa. Mpya, meli hizi zilifika mafundo 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Miaka ilivyopita, mabomba yakawa yanavuja na kasi ikashuka. Pegasus ilitumikia kituo cha Australia kwa miaka kadhaa, kisha ikahamishiwa kituo cha Rasi ya Tumaini Jema, ambacho eneo lake lilipanda hadi pwani yetu. Ilipofika huku ilikuwa na umri wa miaka 17, na katika miaka hiyo 17 ufundi wa manowari ulikuwa umekwenda mbele kuliko katika kipindi kingine chochote kabla yake.

Tarehe 6 Juni 1914 iliingia bandari hii manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff. Ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1905, ina mizinga 10 ya milimita 105, na inakimbia mafundo 24. Watu wa mji walimiminika kuitazama. Walihesabu dohani zake, wakaipa jina la Manowari ya Bomba Tatu, na jina hilo likaenea pwani nzima. Serikali ya kikoloni ilikuwa inajiandaa kwa maonyesho makubwa mwezi Agosti, ya kusherehekea pamoja na mengine reli iliyofika Kigoma. Vita vikayazima.

Ijumaa ya tarehe 31 Julai, mwezi wa Ramadhani, Königsberg iling'oa nanga. Nje kulikuwa na manowari 3 za Kiingereza zikiivizia: Hyacinth ya Admirali Herbert King-Hall, Astraea, na Pegasus. Vita kati ya Uingereza na Ujerumani vilikuwa bado havijatangazwa, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kuifuata tu, isiwapotee. Wakashindwa. Looff aliamuru makaa yachochewe, dhoruba ya mvua ikaja, na mvua ilipokatika Mjerumani alikuwa hayupo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu yote yaliyofuata yalikwisha kuonekana siku ile. Meli 3 za zamani zilitambua ya kuwa haziwezi kumfukuza adui wao. Anayekimbia zaidi ndiye anayechagua siku na mahali pa kupigana.

Jumamosi ya tarehe 8 Agosti, Astraea, ikiwa pamoja na Pegasus, ilifika nje ya Dar es Salaam na kukipiga mizinga kituo cha simu ya upepo, yaani redio. Wajerumani, wakiogopa Waingereza wasiingie ndani, walilizamisha chelezo lao linaloelea, la kutengenezea meli, kwenye mlango huu huu nilioutazama asubuhi. Makubaliano ya kutopigana yakafanywa na serikali ya Gavana Heinrich Schnee, jambo lililomuudhi sana Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Lakini chelezo lilikuwa limekwisha kwenda chini, na Königsberg, iliyokuwa baharini bado, ikawa haina pa kurudi.

Nilimuuliza mzee mmoja anayetengeneza nyavu kama aliwahi kusikia habari za chelezo lile. Hakuwahi. Lakini alinionyesha kwa kidole mkondo wa meli unavyopinda, akasema, "Mwanangu, hapo nahodha akikosea kidogo tu, yuko mchangani." Nililala na sentensi hiyo kichwani.

Alhamisi, Nyamisati

Basi kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kibiti, kisha bodaboda hadi Nyamisati kwa njia yenye vumbi jekundu lililoingia hata ndani ya begi. Hapa ndipo watu wanapopanda boti za kwenda Mafia. Mimi nilikodi boti ya mashine kuingia delta.

Delta ya Rufiji haielezeki vizuri kwa ramani. Ukiwa ndani ya boti unaona kuta mbili za mikoko, halafu mkondo unagawanyika, halafu unagawanyika tena, na kila tawi linafanana na lililopita. Ndiyo mikoko iliyokatwa boriti kwa karne nyingi na kupelekwa na majahazi hadi Omani na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea nyumba. Watu wa huku wanaijua mikondo yake tangu zamani, lakini Waingereza wa 1914 hawakujua kama manowari inaweza kuingia. Wajerumani walijua. Meli yao ya kupima bahari, Möwe, ilikuwa imekwisha kupima vina vya mikondo kabla ya vita.

Baada ya kuwakimbia Waingereza, Königsberg ilikwenda hadi pwani ya Omani, ikaikamata meli ya shehena City of Winchester tarehe 6 Agosti, meli ya kwanza ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita vile. Ikachukua makaa yake, ikaizamisha. Kisha tatizo lake likawa makaa yenyewe. Manowari ya mvuke bila makaa ni chuma kinachoelea, na Waingereza walikuwa wamenunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za jirani za Wareno ili Mjerumani asiyapate. Tarehe 3 Septemba Looff aliingia Rufiji kujificha na kungoja makaa yaletwe kwa vyombo vidogo kutoka Dar es Salaam, yakipita pwani pwani.

Nilimtajia nahodha wangu tarehe hiyo, nikamwambia mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Hakuhitaji maelezo zaidi. "Bamvua," alisema. "Meli nzito haiingii humu maji mafu." Alizima mashine ili nisikie vizuri, akaeleza kwamba siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji huku hujaa kama saa kumi, alasiri na usiku, na huo ndio wakati wa kupitisha chombo kizito juu ya mafungu ya mchanga mlangoni.

Nikamtajia tarehe ya pili: 19 Septemba, siku ambayo mwezi ulikuwa umefifia kabisa, kabla ya mwandamo. Siku hiyo wangojezi wa Kijerumani waliowekwa pwani walikuwa wamepeleka habari ya kwamba manowari ya Kiingereza yenye dohani mbili imetia nanga Unguja. Looff hakuwa na hakika ni ipi. Aliondoka alasiri, maji yakiwa yamejaa, akielekea kaskazini usiku usio na mwezi. Nahodha akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa na mtu anayejua maji," alisema. Nami naamini hivyo. Habari za vita vile zimejaa majina ya manahodha wa Kizungu, lakini katika delta ile hakuna chombo kilichopita, wala mzigo wa makaa uliofika, bila watu wanaojua saa ya maji kujaa, na kuhusu hao hatupewi hata jina moja.

Ijumaa

Kurudi Dar es Salaam. Barabara ya Kilwa ilikuwa na foleni kuanzia Mbagala, nikafika jioni. Hakuna la kuandika zaidi ya kwamba nilinunua tiketi ya boti.

Jumamosi, kuingia Unguja

Boti ya kutoka Dar es Salaam inaingia Unguja kwa mkondo wa kusini. Nilikaa nje, upande wa kulia, upepo wa kusi ukinipiga usoni, nikingoja mnara wa taa wa Chumbe. Mnara ule ulijengwa mwaka 1904, kwa hiyo ulikuwapo usiku ule. Ukiuona, umekwisha kuingia katika njia aliyopita Looff.

Mlangoni mwa kusini Waingereza walikuwa wameweka mlinzi, boti ndogo ya kuvuta meli iitwayo Helmuth, waliyoiteka kwa Wajerumani. Huo ndio ulikuwa ulinzi wote. Nimesoma lawama nyingi alizotupiwa Kamanda John Ingles wa Pegasus kwa hilo, na sehemu yake ni za haki. Lakini lazima mtu aangalie alikuwa katika hali gani. Astraea na Hyacinth zilikuwa zimeitwa kwenda kusini kwa kazi ya kusindikiza askari. Pegasus ilibaki peke yake kulinda pwani yote, na baada ya wiki za kuzunguka bila kupumzika boileri na mashine zilikuwa hazistahimili tena. Ikabidi itie nanga kwa matengenezo. Alichagua Unguja kwa sababu kulikuwa na mji, mafundi na makaa. Mombasa ilikuwa na mlango ulio rahisi zaidi kulindwa, na kwa maoni yangu huko ndiko ilikostahili kupelekwa.

Boti yetu ilipopita Chumbe nilitazama saa, nikatazama tena tulipoanza kuyaona majengo ya Mji Mkongwe. Ni mwendo mfupi. Hata kama Helmuth ingeweza kupeleka habari, meli ambayo moto wake haujachochewa haiwezi kung'oa nanga kwa muda ule. Mvuke hauji kwa amri. Maji ya boileri lazima yachemke kwanza, na hayo huchukua saa, si dakika.

Jumapili, bandarini

Tarehe 20 Septemba 1914 nayo ilikuwa Jumapili, ndiyo maana nilipanga niwe hapa siku kama ya leo. Nilitoka kabla ya alfajiri, nikashuka Forodhani wakati adhana ya pili inamalizika. Shambulio lilianza saa kumi na moja na robo hivi alfajiri. Watu wengi wa Mji Mkongwe walikuwa macho, basi: wanatia udhu, wako msikitini, au wanawasha moto wa chai. Mlio wa mzinga haukuwakuta usingizini.

Königsberg ilifyatua ikiwa umbali wa yadi 9,000 hivi, kilomita 8 na kitu, kisha ikasogea. Nilijaribu kuukadiria umbali huo kwa macho kutoka ukutani pa bahari. Jahazi lililokuwa mbali vile lilionekana tanga tu, mwili wake hauonekani vizuri. Kutoka mbali namna hiyo, katika mwanga wa kwanza wa asubuhi, Mjerumani alikuwa anaona dohani na milingoti ya meli iliyosimama tuli, yenye nanga chini, nyuma yake mji. Pegasus ilijibu. Makombora yake yalianguka majini kabla ya kumfikia adui. Ndani ya dakika 8 hivi, mizinga ya ubavu uliomwelekea Mjerumani ilikuwa imenyamaza na waliokuwa wanaihudumia wameanguka pale pale.

Kulikuwa na kimya kifupi, halafu mizinga ikaanza tena. Bendera ya Pegasus ilipoangushwa, askari wake wa majini waliishika kwa mikono ili iendelee kuonekana. Habari hiyo ilienea sana Uingereza. Kuhusu bendera nyeupe, watu walibishana kwa miaka: Wajerumani walisema waliiona ikipandishwa, na upande wa pili haukukubali kwamba ilipandishwa kwa amri ya kamanda. Sioni sababu ya kumhukumu mtu yeyote aliyepandisha kitambaa juu ya sitaha ya namna ile.

Wafu, pamoja na waliofia hospitali, walikuwa 38, na majeruhi 55, katika meli yenye watu zaidi ya 200 kidogo. Königsberg haikuusogelea mji. Ilipokuwa inaondoka ilitupa mitungi baharini ili Waingereza wadhani ni mabomu ya majini, wasitoke haraka kuifuata. Hawakuwa na cha kuifuatia hata hivyo.

Pegasus haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea asubuhi nzima, ikiegemea ubavu zaidi na zaidi, mji wote ukitazama, mpaka mchana ilipopinduka na kwenda chini. Sultani wakati huo alikuwa Seyyid Khalifa bin Harub, aliyekuwa na miaka 3 tu kwenye kiti. Beit al-Ajaib, jumba la masultani, ilikuwa imesimama nyuma yangu pale nilipokuwa, ingawa leo sehemu yake imezungushiwa mabati tangu ilipoporomoka Desemba 2020.

Na kwa watu wazima wa mwaka ule, meli kuzama mbele ya Beit al-Ajaib halikuwa jambo la kwanza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza, St George na Philomel zikiwa miongoni mwake, ziliipiga ikulu ya Seyyid Khalid bin Barghash kwa dakika zisizotimia 45, na kuizamisha meli ya kifalme Glasgow. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini kwa miaka, mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Pegasus ilikuwa inaundwa Jarrow wakati huo huo Glasgow inazamishwa. Kwa hiyo bandari ilikaa miaka 2 tu bila maiti ya meli, halafu ikapata nyingine, safari hii ya Mwingereza mwenyewe. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1896, akiona mizinga mikubwa ikipiga mji usio na cha kujibia, alikuwa na miaka 38 alipoona meli ya wale wale ikipigwa bila ya makombora yake kumfikia adui. Ningelipa pesa nyingi kusikia walizungumza nini barazani jioni ile.

Mzee mmoja mvuvi, niliyekunywa naye kahawa karibu na soko la samaki, hakuijua Pegasus kwa jina. Nilipomwelekeza mahali, akaelewa. "Pale panapokamata nyavu," alisema. "Baba zetu walitukataza kushusha pale. Chini kuna chuma." Mabaki yaliuzwa kwa wakata vyuma mwaka 1955, ila si yote yaliyotolewa. Wazamiaji huenda kuyatazama hadi leo. Mzee akaniuliza kama mimi ni mtu wa serikali. Nilimwambia hapana, mimi ninaandika tu. Akanijazia kikombe.

Jumatatu, Chapwani

Ng'ambo ya mji, upande wa kaskazini, kuna kisiwa chembamba cha Chapwani, ambacho watalii huambiwa ni kisiwa cha makaburi. Nilikwenda kwa mashua ya kukodi. Kuna paa wadogo, kuna popo wakubwa kwenye miti mchana kweupe, na mbele yake eneo lililozungushiwa ukuta ambako jeshi la maji la Uingereza lilikuwa likizika watu wake. Baadhi ya waliozikwa ni mabaharia wa zama za kuwinda majahazi ya watumwa. Wengi ni wa Pegasus.

Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Majiwe yameliwa na chumvi, na herufi nyingine hazisomeki mpaka upitishe kidole. Lakini yanataja jina, kazi, na meli. Ndivyo nilivyotambua ni wangapi kati yao hawakuwa wapiga mizinga wala maofisa. Meli ya mvuke hula watu chini ya sitaha: wachochea moto, wapakia makaa, wanaofanya kazi penye joto lisilovumilika ili juu wengine wapige salamu. Katika meli iliyotia nanga kwa matengenezo ya boileri, hao ndio waliokuwa wamechoka kuliko wote alfajiri ile.

Nahodha wa mashua, kijana wa Unguja, alikuja akasimama kando yangu kimya, kisha akasoma dua kwa sauti ndogo. Nilimuuliza kama anawasomea hawa. "Wamekufa ugenini, mjomba," alijibu, akaenda kuishika kamba ya mashua.

Jumanne, njiani

Boti ya asubuhi hadi Dar es Salaam, halafu basi la Mombasa. Tulipita Tanga usiku. Pegasus ilifika Tanga pia mwezi Agosti 1914 na kufanya nao makubaliano ya kutopigana kama yale ya Dar es Salaam. Makubaliano hayo yalivunjika kwa damu mapema Novemba, wakati jeshi kutoka India lilipotua na kushindwa vibaya. Laiti ningekuwa na siku ya kukaa Tanga. Horohoro tuligongewa mihuri, tukavuka hadi Lunga Lunga, nikalala kitini.

Jumatano, Mombasa

Nje ya Fort Jesus kuna mizinga miwili ambayo wengi hupiga nayo picha bila kujua inachotazamana. Mmoja ni wa Pegasus, mwingine ni wa Königsberg.

Mizinga ya Pegasus iliopolewa kutoka chini ya bandari ya Unguja, ikafungwa magurudumu, ikaingia vita vya nchi kavu. Askari wa Kiingereza waliiita kwa kuikatiza jina la meli: Peggy. Ya Königsberg nayo ilipata safari ya namna hiyo hiyo. Baada ya shambulio la Unguja mashine yake iliharibika, ikarudi Rufiji, na vipande vilivyovunjika vikachukuliwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Tarehe 30 Oktoba manowari ya Kiingereza Chatham iliigundua imo ndani ya delta, na Königsberg haikutoka tena humo. Meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliimaliza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yote 10, wakaitia magurudumu, wakaitumia bara. Mmoja uko Pretoria. Huu mwingine uko hapa.

Nimeitazama miwili hii kwa muda wa saa nzima, maana jibu la asubuhi ile ya Unguja liko ndani yake. Mtu asiyejua haoni tofauti. Tundu la mmoja ni milimita 102, la mwingine 105: upana wa punje 2 za mchele. Urefu unakaribiana. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba Pegasus ilipigwa na mizinga mikubwa kuliko yake, kama ilivyoandikwa mahali pengi, na kumbe ukubwa wa tundu hauelezi lolote. Kombora la Pegasus lilikuwa ratili 25, kama kilo 11. La Königsberg lilizidi kilo 16, likasukumwa na baruti yenye nguvu zaidi, na kitako chake kiliuruhusu mdomo wa mzinga kuinuliwa juu zaidi. Mzinga unaoinuka zaidi hutupa mbali zaidi. Hapo ndipo miaka 8 kati ya 1897 na 1905 ilipokaa, kwenye kitako na kwenye baruti, mahali ambapo mtazamaji wa bandarini hapaoni anapohesabu dohani.

Mlinzi wa mlangoni aliniuliza ni upi ulioshinda. Nilimwonyesha. Akaniuliza umefikaje hapa ikiwa meli yake ilizama Rufiji. Hilo ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hii, na jibu lake ni mabega ya watu. Mzinga ule hauvutiki na farasi. Inzi wa ndorobo walikuwa wanaua wanyama wa mizigo. Uliburutwa kwa kamba na wapagazi kwa mamia, kwenye tope na vilima, na upande wa pili nao ulikuwa na wapagazi wake. Mwendo mfupi kutoka hapa, penye sanamu ya askari karibu na Mwembe Tayari, kuna maandishi ya Kiswahili yanayowakumbuka wapagazi hao na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Nilimshauri mlinzi akayasome. Alisema anapita pale kila siku akienda kazini na hajawahi kusimama.

Kesho ninapanda matatu kwenda Voi, halafu Taveta, nivuke hadi Kahe upande wa Tanzania, ambako Waingereza walifika Machi 1916 na kuukuta mzinga wa kwanza wa Königsberg umevunjwa na kuachwa na wenyewe kwa sababu hawakupata muda wa kuuondoa.